Jinsi ya kufuatilia treni za mizigo za zamani, Mombasa hadi Kisumu

Treni ya abiria ya zamani haisumbui kuitafuta. Saa zake zilibandikwa ukutani stesheni, zikatoka gazetini, na watu wakazipangia safari za harusi na matanga. Treni ya mizigo haikumtangazia mtu safari yake. Iliondoka mabehewa yalipotimia, injini ilipopatikana na njia ya mbele ilipokuwa wazi. Siku nyingine haikuondoka kabisa, na hakuna abiria aliyeachwa akiisubiri ili aje kutusimulia.

Nimekulia Voi, pale reli ya kwenda Taveta inapoachana na reli kuu, na tangu utotoni nimezipenda hizi za mizigo kuliko za abiria. Ndizo zilizoteremsha hadi Kilindini pamba ya Uganda, magadi ya Ziwa Magadi, kahawa na mkonge, kisha zikapanda bara na mafuta, vyuma na mashine. Nitaeleza namna ninavyozitafuta kwenye kumbukumbu, hasa za miaka ya 1930 hadi 1970. Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike mapema. Ratiba ya treni ya mizigo ni ruhusa tu: inakuambia treni ingeweza kupita saa ngapi. Ukitaka kujua kama kweli ilipita, tafuta ilipishana na nani. Reli hii ilikuwa ya njia moja kwa sehemu kubwa sana, wanaokwenda na wanaorudi wakitumia vyuma vile vile, kwa hiyo kila treni iliyosafiri ililazimika kuisubiri nyingine mahali fulani, au kusubiriwa. Kupishana huko ndiko kunakoacha alama kwenye karatasi za watu wawili au watatu tofauti, na hapo ndipo utakapoikamata treni yako.

Kipande kifupi, siku chache

Usianze na reli nzima. Chagua kipande, tuseme Voi hadi Mtito Andei au Nakuru hadi Londiani, na wiki moja ya mwaka mmoja. Kipande kifupi utakijua stesheni kwa stesheni: wapi pana njia ya kupishana, wapi pana tangi la maji, wapi mlima unaanza. Bila kujua hayo, saa zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zitabaki tarakimu tu.

Kabla hujaomba faili lolote, jua reli ilikuwa ya nani mwaka huo, kwa sababu faili hupangwa kwa jina la mwenye reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901, wakati huo ikiitwa Reli ya Uganda. Baadaye ikawa Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Tarehe 1 Mei 1948 iliunganishwa na reli ya Tanganyika, ikazaliwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na kupewa shirika lake, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika kila nchi ikabaki na reli yake. Mtafiti anayetafuta habari za 1952 chini ya jina la Shirika la Reli la Kenya atarudi mikono mitupu, na faili zake zipo rafu ya pili.

Majina ya stesheni nayo yamebadilika. Kisumu ilikuwa Port Florence. Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Murang'a ikaitwa Fort Hall, na Webuye ni Broderick Falls kwenye karatasi za zamani. Andika orodha yako ya majina mawili mawili, uiweke ndani ya jalada la daftari.

Tena angalia njia yenyewe ilikuwaje mwaka huo. Mwanzoni mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli na kupakiwa kwenye treni Kisumu. Kisha njia mpya ikapandishwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikafika Kampala mwaka 1931. Toka hapo pamba ya Uganda iliweza kupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, bila kugusa meli. Mtu anayelinganisha treni za Kisumu za 1925 na za 1935 bila kulijua hilo atadhani biashara ya ziwani ilikufa ghafla.

Karatasi zenyewe

Ya kwanza ni ratiba ya kazi, ile iliyochapishwa kwa ajili ya wafanyakazi peke yao. Usiichanganye na ratiba ya abiria. Humo utakuta treni za mizigo zikiwa na namba zake, nyingine za kila siku, nyingine za kutembea pale tu zinapohitajika. Wasomaji wengi hukimbilia safu za saa. Mimi naanza na kurasa za mbele na za mwisho, kwa sababu utajiri uko huko: upande upi unahesabiwa wa kupanda na upi wa kushuka, alama zina maana gani, injini ya aina fulani iliruhusiwa kuvuta tani ngapi kila kipande, kasi ya juu ni ipi, stesheni zipi zilifungwa usiku. Mara nyingi jedwali la tani pekee linakueleza kwa nini treni moja iligawanywa mara mbili ilipofika mlimani.

Angalia vipimo. Umbali umeandikwa kwa maili, na tani ni ile ya Kiingereza ya pauni 2,240, yaani kama kilo 1,016. Tofauti ni ndogo kwa behewa moja, lakini inaonekana ukijumlisha mwaka mzima.

Ya pili ni daftari la treni la stesheni, na kwangu hilo ndilo hazina. Kwenye njia moja, stesheni masta hakuruhusu treni iondoke mpaka mwenzake wa mbele akubali kuipokea. Kila ombi, kila kibali, kila kufika na kuondoka kuliandikwa kwa mkono na dakika yake. Ukipata madaftari ya stesheni mbili zinazofuatana kwa siku moja, umepata treni zilizotembea kweli, zenye namba na zisizo na namba, hata zile za mchanga na mawe za mafundi wa njia ambazo hazimo kwenye ratiba yoyote. Yaliyobaki ni machache, kwa hiyo ukikutana na moja piga picha kila ukurasa, ukianza na jalada.

Jarida la gadi ni la tatu. Gadi alikaa behewa la mwisho akiwa na orodha ya mabehewa, akaandika yaliyoongezwa, yaliyoachwa, na sababu ya kila kuchelewa. Ukisoma kwamba treni ilisimama kwa sababu mvuke umepungua au ekseli imepata moto, unaanza kuwaona watu waliokuwa juu yake.

Halafu kuna chanzo ambacho wapenzi wengi wa reli hawakigusi: taarifa za uchunguzi wa ajali. Treni zikigongana au zikiacha reli, wachunguzi walitaka kujua kila dakika ya safari, nani alitoa kibali, injini ipi, tani ngapi, breki zilikuwaje. Taarifa moja ya namna hiyo inaweza kukupa mchana mzima wa kipande kizima, treni zote zikiwemo, hata zile ambazo hazikuhusika na ajali. Zisome kwa heshima, maana mara nyingi kuna marehemu ndani yake.

Ripoti za mwaka hazikupi treni moja moja, bali tani za kila aina ya mzigo na idadi ya injini. Zitumie kupima: kama hesabu yako ya treni inahitaji tani maradufu ya zile zilizoripotiwa, kuna mahali umehesabu treni za ratiba badala ya zilizotembea.

Kuhusu mahali pa kuzipata: Nairobi, anza na Jumba la Makumbusho ya Reli, lililoanzishwa 1971 karibu na stesheni kuu, kisha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Moi Avenue katika jengo lililokuwa benki. Kwa magazeti ya zamani kuna maktaba ya McMillan. Dar es Salaam kuna hifadhi ya taifa yenye kumbukumbu za upande wa Tanganyika. Uingereza, hifadhi ya taifa iliyoko Kew ina barua za serikali ya kikoloni. Za Kenya ziko chini ya alama CO 533, na za Afrika Mashariki kwa jumla chini ya CO 822. Kumbukumbu za kiwanda cha Beyer Peacock, kilichounda injini nyingi za Garratt (injini kubwa za mvuke zilizoungwa kwa viungo) za reli hii, ziko kwenye jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda Manchester. Popote uendapo, beba penseli, na uandike namba ya faili juu ya kila ukurasa wa maelezo yako kabla hujaandika neno jingine.

Kuchora mchoro wa kupishana

Hapa ndipo kazi inapoanza kuwa tamu. Chukua karatasi ya miraba. Upande wa kushoto, kutoka chini kwenda juu, weka stesheni kwa umbali wake halisi. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, weka saa. Kila treni sasa ni mstari wa mshazari: anayepanda anakwenda juu, anayeshuka anakwenda chini, na mstari uliolala ni treni iliyosimama. Wakuu wa reli walitumia michoro kama hii kupanga kazi yao, na itakufaa wewe kuirudisha siku iliyopita.

Kanuni ni moja: kwenye njia moja, mistari ya treni zinazokabiliana lazima ikutane kwenye stesheni yenye njia ya kupishana. Ikikutana katikati ya pori, mojawapo ya saa zako si sahihi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna stesheni nne: ya kwanza, ya pili iliyo kilomita 14 mbele, ya tatu kilomita 12 zaidi, na ya nne kilomita 14 zaidi. Una madaftari ya stesheni za mwisho mbili tu, ya kwanza na ya nne. Treni ya kupanda iliondoka ya kwanza 13.40 ikafika ya nne 15.50. Treni ya kushuka iliondoka ya nne 13.42 ikafika ya kwanza 15.16. Ratiba ya kazi inasema anayepanda hutumia dakika 35, 30 na 35, jumla 100. Anayeshuka hutumia 33, 28 na 33, jumla 94. Zilipishana wapi?

Treni ya kushuka ilitumia dakika 94 kamili, kwa hiyo haikusimama. Ya kupanda ilitumia 130, yaani ilipoteza 30 njiani. Jaribu stesheni ya tatu: anayeshuka angefika hapo 14.15 na anayepanda 14.45, hivyo anayeshuka ndiye angesubiri nusu saa, na daftari linakataa. Jaribu ya pili: anayepanda anafika 14.15, anayeshuka anapita 14.43, anayepanda anaondoka 14.45 na kufika stesheni ya nne 15.50. Imekaa. Sasa unajua kwamba alasiri ile dereva na fayaman wake, yaani mchochea moto, walikaa stesheni ya pili nusu saa, ingawa daftari la stesheni hiyo hukuliona kamwe.

Ukizoea, utaanza kuona mengine. Mstari ukilala mahali pasipo na treni ya kupishana nayo, ulizia maji, kubadilisha wafanyakazi, au ubovu. Mistari mitatu ikilala pamoja, huenda njia ilikatika mbele.

Saa ya reli na saa yetu

Karatasi za reli huhesabu kuanzia usiku wa manane: 13.40 ni saa saba na dakika arobaini mchana. Mzee anayekusimulia atasema saa mbili usiku akimaanisha 20.00. Hilo kila mtu analijua, lakini siku hukosewa zaidi ya saa. Treni iliyoandikwa kuondoka Ijumaa 00.20, mzee ataikumbuka kuwa ya Alhamisi usiku, na wengine huko pwani, ambao siku kwao huanza jua likizama, watauita usiku wa Ijumaa hata ule wa saa tatu ya Alhamisi. Muulize alfajiri iliyofuata ilikuwa ya siku gani. Jibu hilo halina utata.

Kumbuka pia kwamba saa rasmi ya Kenya ilibadilishwa zaidi ya mara moja katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ukilinganisha treni ya 1930 na macheo au na saa ya meli kuondoka, usichukulie kwamba Nairobi ilikuwa saa tatu mbele ya Greenwich kama leo.

Uliza mzigo

Treni za mizigo hufuata mzigo. Msimu wa pamba na wa kahawa utaona treni za kushuka zikiongezeka, na mabehewa matupu yakipandishwa kwa wingi wiki chache kabla. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikaingia njiani. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilipoanza kazi 1978, sehemu kubwa ya treni za matangi ilipoteza kazi. Konza, pale njia ya Magadi inapoungana na reli kuu, ni mahali pazuri pa kujifunzia hili, kwa kuwa treni za magadi zilikuwa na mzigo unaojulikana na mwisho unaojulikana.

Weka kando siku zisizo za kawaida, ama uzichunguze kwa makusudi. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli waligoma Mombasa. Ratiba ya mwezi huo haikuambii chochote kuhusu kilichotembea. Miaka ya mwanzo ya 1950 shehena zilirundikana bandarini kuliko reli ilivyoweza kubeba. Mwishoni mwa 1961 mvua zilikuwa kubwa mno. Magazeti ya siku hizo ndiyo yatakayokuongoza, kwa kuwa treni ya mizigo ilipokwama ndipo ilipopata nafasi gazetini.

Injini nazo ni tarehe. Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zikaanza kazi 1955 na za mwisho zikaondolewa 1980. Zilijengwa kuvuta treni za takribani tani 1,200 kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 1.5 kati ya Mombasa na Nairobi. Picha yenye injini hiyo haiwezi kuwa ya 1950, hata kama nyuma yake pameandikwa hivyo kwa wino. Vilevile, injini zilizoitwa EC3 ziliitwa daraja la 57 baada ya muungano wa 1948, kwa hiyo namba ubavuni inakuambia kama picha ni ya kabla au ya baada ya mwaka huo. Ukiwa Nairobi nenda ukasimame kando ya 5918 Mount Gelai pale makumbusho. Ukiuona ukubwa wake hutashangaa tena kwa nini jedwali la tani lilibadilika lilivyobadilika.

Wazee wa reli

Waliofanya kazi hiyo wanazidi kupungua, kwa hiyo hii isiwe ya mwisho kwenye mpango wako ingawa nimeiweka huku chini. Nenda na mtu anayefahamika na familia. Toa shikamoo, kaa, ueleze kazi yako, uombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Usianze na tarehe. Mzee mmoja aliyekuwa gadi alinijibu swali la mwaka kwa kunyamaza, lakini nilipomuuliza, "Baba, mkitoka Makindu usiku mlikuwa mnamsubiri nani?" aliinuka kitini, akanitajia treni tatu kwa mpangilio, stesheni za kupishana, na upande upi taa zilionekana kwanza. Nilipochora maelezo yake kwenye karatasi ya miraba, yalikaa juu ya ratiba ya kazi niliyokuwa nayo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Uliza pointiman, yule aliyegeuza njia stesheni, kuhusu usiku, uliza fayaman kuhusu maji na mlima, uliza karani wa bidhaa kuhusu mzigo. Kila mmoja alikuwa na dirisha lake. Picha ya stesheni ya zamani iliyochapishwa kwa ukubwa husaidia kuliko maswali kumi. Ukiondoka, usichukue karatasi zake. Zipige picha pale pale, umrudishie mikononi mwake, na baadaye umpelekee nakala ya ulichokiandika.

Stesheni zilizofungwa nazo zinafaa kutembelewa, kwa ruhusa ya wenye reli. Pima urefu wa njia ya kupishana kwa hatua, hata kama vyuma vimeng'olewa na kubaki tuta. Urefu huo ndio uliokuwa kikomo cha treni: mabehewa yasiyoenea hapo hayangeweza kumpisha mwingine.

Kwa kumbukumbu zako, jedwali rahisi linatosha: tarehe, stesheni, namba ya treni, kufika, kuondoka, injini, tani, chanzo. Saa za ratiba na saa za kweli zikae safu tofauti, zisichanganywe hata mara moja. Kwenye mchoro, saa uliyoisoma kwa macho yako ichore kwa mstari mzima na uliyoikokotoa ichore kwa nukta. Nukta hizo ndizo za kupeleka safari ijayo ya hifadhini: kila zinapokutana na treni nyingine, andika jina la stesheni hiyo na tarehe, na hilo ndilo daftari la kuomba kwanza.